Tumbili Hulelewa na Tumbili

Jambo la kwanza nililofundishwa kituoni ni kutotabasamu. Kwa tumbili na jamaa zake, meno yakiachwa wazi ni hofu au ni vita, na mtu anayemkodolea macho huku anacheka anakuwa amemtisha mara mbili. Kwa hiyo unaingia kizimbani umefunga mdomo, macho umeyateremsha, unakaa chini ubavu ubavu. Ukitaka kumjulisha kuwa umekuja kwa amani unachapachapa midomo polepole, kama wanavyofanya wenyewe wanapoanza kuchambuana manyoya. Nimekulia Ukunda, ambako mgeni hupokelewa kwa bashasha kabla hajafika mlangoni, lakini hadi leo nikimwona tumbili uso wangu hujifunga wenyewe.

Nilikuwa mtunzaji katika kituo cha kuokoa wanyama hawa huko Diani, kusini mwa Mombasa, ng'ambo ya feri ya Likoni. Asiyeijua Diani huwaza mchanga mweupe na hoteli. Ni kweli, ila nyuma ya hoteli kuna msitu, au tuseme vipande vya msitu ambao zamani ulikuwa mmoja, ulioota juu ya mawe ya matumbawe. Ndani yake wanaishi mbega, weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani, na kima, na tumbili, na nyani, na usiku komba. Barabara ya lami imepita katikati yao, sambamba na bahari. Mbega akitaka majani machanga ya mbuyu ulio upande wa pili hana budi avuke, na mbega ni mnyama wa juu mtini. Chini hana mbio. Mwaka 1997 watu waliochoka kuokota mizoga barabarani walianzisha Colobus Trust, ambayo sasa inaitwa Colobus Conservation, wakatundika ngazi za nyaya na mabomba kutoka mti wa upande huu hadi mti wa upande ule. Leo ziko zaidi ya 20. Ukipita na tuktuk asubuhi, inua macho: kima wanavuka mmoja mmoja, mama na mtoto kamng'ang'ania tumboni, na magari chini yanapita zake. Nyani peke yao ndio hawana shughuli nazo. Wao hushuka wakavuka kwa miguu.

Magari yanaua, lakini kilichonikosesha usingizi ni umeme. Nyaya zikiwa hazijavishwa, mbega hukanyaga mmoja akashika wa pili, na hapo hapo kapigwa. Kumbukumbu zilizowekwa Diani kati ya 1998 na 2016 zina visa zaidi ya 300 vya wanyama wa jamii hii kupigwa na umeme, na sehemu kubwa kabisa ni mbega.

Nitaeleza kisa kimoja, kwa sababu mtu asiyewahi kukiona hawezi kukikisia. Mbega jike alianguka chini ya nguzo, mtoto wake yuko kifuani, mzima. Watoto wa mbega huzaliwa weupe pepe, uso wa waridi, na huchukua miezi kadhaa kugeuka rangi, kwa hiyo unamwona kutoka mbali juu ya manyoya meusi ya mama. Tulipowafikisha kituoni, mama alikuwa amekaa mwenyewe, anaangalia huku na huku. Kiganjani alikuwa na doa la kijivu lenye ukubwa wa punje ya mahindi, na jingine unyayoni. Basi. Mtu angesema amepona, arudishwe mtini. Daktari alikigeuza kiganja kile chini ya taa akasema, "Huu ni mlango tu. Moto umepita ndani."

Na ndivyo ilivyo. Umeme huingia mkononi ukatokea mguuni, na njiani huchoma misuli na mishipa ya damu, ilhali ngozi juu haionyeshi kitu. Siku zinapita, kisha vidole vinapoa, vinakauka, vinabadilika rangi, na harufu inaanza. Daktari hana haraka ya kisu: akikata mapema atakata nyama iliyo hai, akichelewa sumu ya nyama iliyokufa itapanda mwilini. Kwa hiyo kila asubuhi tulikuwa tukiangalia mpaka ule, pale ngozi ya uhai inapoishia, kama umesogea. Yule jike alipoteza vidole viwili. Mbega hana kidole gumba, ana vinne virefu vya kujishikia matawini, kwa hiyo kwake viwili ni nusu ya mkono. Alipona. Muda wote ule mtoto hakutolewa kifuani pake, hata wakati wa kubadilisha bandeji. Tulifanya kazi tukimzunguka.

Hatukuwa na namna nyingine. Tumbo la mbega lina vyumba, na ndani ya vyumba hivyo kuna vijidudu vinavyochachusha majani mpaka yakageuka chakula. Mpe ndizi mbivu, mkate au ugali, na kile kinachochachuka humo kitamjaza gesi mpaka afe. Mtoto wake anayenyonya bado hajajaliwa tumbo hilo kikamilifu, na kumlea kwa chupa ni kazi inayoshindwa mara nyingi, hata mikononi mwa watu wanaoijua. Kwa mbega wakubwa mtu alitoka alfajiri na panga kwenda kukata majani, machanga, ya miti ya aina mbalimbali, yaletwe na umande wake. Yakinyauka hawayagusi. Yule mama na mtoto wake tuliwafungulia chini ya miti ile ile walikotoka. Kundi lao lilikuwa juu, na majike wawili walishuka matawi mawili matatu kumtazama mtoto kabla mama hajamaliza kupanda. Majike wa mbega hupokezana watoto, hata wasio wao.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi. Nilikuwa nimekuja nikiamini kwamba mnyama yatima anahitaji mtu mwenye huruma. Wazee wa pale waliniacha niamini hivyo mpaka alipokuja Tunu.

Tunu alikuwa tumbili jike, wa mwaka mmoja hivi, na jina alikuja nalo. Alikuwa akiishi na familia moja Likoni. Tulifuatana na maafisa wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, maana sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kumfuga mnyama wa porini bila kibali, na kituo hakina mamlaka ya kumtoa mtu mnyama mlangoni kwake. Nilitarajia ugomvi. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja wa makamo, kanga kiunoni, anachambua mchicha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kumchukua Tunu wangu?"

"Tumekuja, bibi."

"Basi kaeni kwanza. Msimchukue kwa papara, atashtuka."

Alitusimulia akiendelea na mchicha wake. Kijana alikuwa akimpitisha mtaani, mdogo wa kutosha kukaa kwenye kiganja, mama yake kauawa na mbwa shambani. Bibi akatoa pesa ili mtoto yule asife. "Nilimwonea huruma. Nikampa maziwa ya chai. Akapona. Akawa anakula tunachokula sisi, chai na mandazi asubuhi, ugali jioni, siku ya Idi hata biriani." Tunu alilala na mjukuu wa bibi, binti wa darasa la tatu, kitanda kimoja. Kisha akaanza kuuma wageni. Wakamfunga kamba kiunoni, akafungwa ukutani ndani kwa sababu nje watoto wa jirani walimrushia mawe. Aliyepiga simu ni bibi mwenyewe.

Nimesikia watu wengi wakiwazungumza wafugaji wa tumbili kama watu wabaya. Wapo wabaya, na wafanyabiashara wa watoto wa wanyama hawastahili huruma yoyote. Lakini wengi niliokutana nao walikuwa kama bibi yule: walimwokoa mtoto asife leo, wakakosa wa kuwaambia kesho yake wafanye nini. Mjukuu alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Nilimwambia ukweli, kwamba Tunu anakwenda kutafutiwa mama. Akaniuliza, "Mama tumbili?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza akifikiri, kisha akaenda kuleta kitambaa ambacho Tunu alikuwa akilala nacho.

Kamba ile ya manila alifungwa akiwa mdogo, na alipokua haikulegezwa. Ngozi ilikuwa imeota juu yake. Ilibidi alazwe kwa dawa ya usingizi, na daktari akaifuata kamba ndani ya nyama kwa koleo ndogo, sehemu kwa sehemu, kuzunguka kiuno chote. Miguu yake ilikuwa imepinda kidogo kwa kukaa ndani bila jua. Akiwa bado amelala akadungwa sindano ndogo ya kupima kifua kikuu kwenye ukope wa juu. Nilishangaa kwa nini pale, nikaelezwa: akiwa na ugonjwa, ukope utavimba, na utauona ukiwa nje ya kizimba bila kumkamata tena.

Kisha karantini. Watu hudhani karantini ni kuwakinga wengine na mgeni, kumbe pia ni kumkinga mgeni na sisi. Damu yetu na yao iko karibu mno. Mafua ambayo kwako ni leso mbili tatu, kwake yanaweza kuwa nimonia. Surua, kifua kikuu, vyote tunaweza kuwapa. Kwa hiyo barakoa, glavu, viatu kwenye beseni la dawa, na mwenye kikohozi anabaki nyumbani bila mjadala.

Kazi ngumu kwangu ilikuwa jioni. Jua likianza kushuka, Tunu alijua ni saa ya kulala na mtu. Alining'inia kwenye wavu akaupenyeza mkono, akalia ile sauti nyembamba ya mtoto aliyeachwa, akinitazama usoni. Nami nilikuwa nimekatazwa kumbeba. Tuna watoto wachanga kabisa ambao hubebwa, hapana budi: maziwa ya kopo usiku na mchana, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, na mwili wa kung'ang'ania, maana mtoto wa tumbili asiyekuwa na cha kushika anakata tamaa. Lakini Tunu alikuwa amevuka umri huo. Mtunzaji mkuu, mzee wa Kidigo ambaye aliijua misitu ya Kwale kabla hoteli nyingi hazijajengwa, aliniona nimesimama pale nisiondoke. Akaniambia, "Mwanangu, ukimbeba leo, kesho atakungoja. Na kesho ni siku yako ya mapumziko."

Hakuongeza neno. Nilienda nyumbani nimekasirika. Sikukasirika kwa sababu ya mzee, alikuwa amesema kweli tupu. Nilikasirishwa na kamba ile, na yule kijana, na mbwa, na mlolongo mzima uliomfanya tumbili amlilie mtu.

Mama aliyetafutiwa alikuwa jike kongwe wa kituo. Umeme ulimchukua mkono wa kushoto kutoka kiwiko, na daktari aliona kwamba porini hataweza kujikimu, kwa hiyo ndiye aliyebaki kila kundi lilipoondoka. Hakuna kati yetu aliyemfundisha kulea. Tulimweka Tunu kizimba cha pili yake, wavu katikati. Siku za kwanza Tunu hakumtazama kabisa. Alikuwa akitutazama sisi. Kongwe alikuja kukaa kwenye wavu akampa mgongo, urefu wa mkono mmoja, akatulia. Hiyo kwa tumbili ni heshima kubwa, na ni mwaliko. Alirudi kesho, akakaa vile vile. Ikaja siku Tunu akapenyeza kidole akagusa manyoya yale, akakirudisha haraka, akakinusa. Nilikuwa nimeshika ndoo ya viazi vitamu, na nakumbuka niliishusha chini taratibu mno ili isigonge sakafu.

Mlango wa katikati ulipofunguliwa, Tunu alikimbilia kwetu. Alipanda wavu wa mbele akapiga kelele. Kongwe alimfuata, akasimama chini yake, akachapachapa midomo. Tukaondoka. Hilo ndilo tendo la malezi nililofanya siku ile: kugeuka na kuondoka.

Aliyojifunza baada ya hapo, sisi tusingeweza kumfundisha kwa miaka. Tunu hakujua kwamba panzi ni chakula. Kongwe alipokuwa akitafuna, Tunu alimsogelea akamnusa mdomo, pua kwa pua, kisha akaenda kutafuta kitu chenye harufu ile ile. Ndivyo watoto wa tumbili wanavyojua kinacholika. Alijifunza kupasua ukwaju. Alijifunza kwamba dume mdogo akiinua nyusi akaonyesha kope nyeupe, unaondoka. Alipigwa, akaumwa sikio. Kanuni yetu ilikuwa kutoingilia mpaka damu imwagike kweli, na ni kanuni nzito kuifuata pale unapomsikia mtoto unayempenda akipiga mayowe. Lakini kila tulipojizuia, kongwe alifika. Na tumbili aliyeokolewa na tumbili mwenzake hujua safari nyingine amkimbilie nani.

Kuhusu mayowe, kuna jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Tumbili ana mlio wake wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka. Akisikia wa chui hupanda mti. Akisikia wa tai hutazama juu akajitupa kichakani. Akisikia wa nyoka husimama kwa miguu miwili akichungulia nyasi. Watafiti Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler waliwapigia tumbili wa Amboseli milio hiyo iliyorekodiwa wakaona wakifanya hivyo hivyo bila adui kuwapo, wakayatangaza matokeo mwaka 1980. Mtoto huzaliwa na kipande tu cha elimu hiyo. Humpigia kelele ya tai ndege yeyote, hata jani linaloanguka, na ni wakubwa wanaomsahihisha: hutazama juu, na kama si tai kweli wananyamaza.

Tunu alikuja hana hata hicho. Mlio wa hatari ulipotolewa na wenzake, yeye alitutazama sisi. Kisha asubuhi moja ya upepo, mti wa mkungu uliokuwa juu ya kizimba ukaangusha jani, lile jani lake pana jekundu, likashuka likizunguka, na Tunu akatoa mlio wa tai. Sauti ilimvunjika katikati. Kongwe akainua uso, akalifuata jani kwa macho mpaka chini, akarudi kwenye karanga yake. Tunu akamtazama yeye. Akatazama jani. Nilitaka kuruka kwa furaha, na ilinibidi nisimame kimya nimefunga mdomo kwa sababu ya kanuni ile ya meno.

Baada ya mvua kubwa za mwaka ule aliacha kuja kwenye wavu nikimwita. Iliniuma, nasema wazi iliniuma, na nilipomwambia mzee alinipa mkono wa pongezi.

Nisije nikawafanya wasomaji waamini kwamba maisha ya kituo ni vizimba tu. Nusu ya kazi ni watu. Bibi yangu mzaa mama ana shamba la mahindi upande wa Msambweni, na akisikia tumbili wanalishwa viazi huguna. "Hawa wako wananilia mahindi yangu, nawe unawapikia?" Sina jibu la kumshinda, na sitaki kumshinda. Gunia likipungua ni lake. Mkulima haombwi ampende tumbili. Anachostahili ni msaada wa kulinda shamba lake bila sumu, na kusikilizwa. Tulipokwenda vijijini tukianza na uzuri wa wanyama, watu walitupa migongo. Tulipoanza kwa kuuliza wanakula nini, saa ngapi, kutoka upande gani, tulikaa mpaka jua likazama.

Wanaonikera ni wanaolisha kwa raha. Mgeni wa hoteli anampa tumbili kipande cha mkate apige picha. Yeye ataondoka Jumapili. Tumbili amejifunza kwamba mkono wa mtu una chakula, na wiki ijayo atauvuta mkono wa mtoto mwenye biskuti, ataitwa mkorofi, atafuatwa na manati, na mwisho atawekewa sumu. Nimewapokea wa namna hiyo. Wengi hawakuwahi kukosa chakula msituni. Walizoezwa tu kukidai mezani. Tulizunguka hoteli kwa hoteli tukiomba mambo madogo: mapipa yenye vifuniko vizito, kifungua kinywa kisiachwe mezani, mabango, na wahudumu waruhusiwe kumkataza mgeni bila kuogopa kazi zao. Hilo la mwisho ndilo linalofanya kazi kuliko mabango yote. Tulipogoa matawi yaliyoelemea nyaya, tukapeleka orodha ya sehemu zinazoua ili nyaya zivishwe. Ni kazi ya jua kali na ngazi ndefu, haina picha nzuri, na naamini imeokoa wanyama wengi kuliko chupa zangu zote za maziwa.

Na kuna walioilinda kazi hii kabla hatujaianza. Kaya Kinondo iko hapo hapo kusini ya Diani. Huingii bila kujifunga kaniki, huvunji kijiti, hutoki hata na jani. Wazee wa Kidigo wameutunza msitu ule kwa sababu ni mahali patakatifu pao, na mwaka 2008 kaya za Wamijikenda, Kinondo ikiwemo, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia. Mbega wa humo hawahitaji ngazi ya kamba.

Wenzetu wengine wana mzigo tofauti. Kule Lwiro, karibu na Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), kituo kilichoanza 2002 pembeni mwa Hifadhi ya Kahuzi-Biega kinapokea sokwe na kima ambao mama zao waliuawa kwa ajili ya nyama, na watoto wakauzwa. Vita vimepita mlangoni pao mara ngapi, nao wanaendelea kupika uji wa yatima. Unguja nako, pale Jozani, kima punju, yaani mbega wekundu wa kisiwani humo, walikuwa wakigongwa ovyo barabarani mpaka yalipowekwa matuta, na vifo vikapungua. Matuta tu. Nimeyataja hayo kwa wakubwa wa barabara kila nilipopata nafasi.

Kundi la Tunu liliachiliwa kwa hatua. Kwanza kizimba kilijengwa ndani ya msitu wenyewe, wakakaa humo wakiusikia na kuunusa. Tulikuwa na maswali ya kujibu kabla mlango haujafunguliwa: wanalala juu au chini? Wakimwona mtu mgeni wanakimbia au wanamfuata? Wanakula vya msituni wakiviona? Wana kiongozi? Mmoja hakupita, kila mtu alipopita alishuka kuomba, akarudishwa kituoni. Tunu alipita. Baada ya mlango kufunguliwa tuliwafuata kwa mbali kila siku, kuanzia wanapoamka hadi wanapolala, tukiandika. Dume mmoja alitoweka na hatukumpata. Wengine walichukua ukingo wa msitu uliokuwa hauna kundi. Kongwe alibaki, na muda si mrefu tukamweka pembeni yake mtoto mwingine, wa kima, kaokotwa kifuani kwa mama aliyekufa.

Bibi wa Likoni hunipigia simu mpaka sasa. Mjukuu wake yuko sekondari, na hajauliza kama anaweza kuja kumshika Tunu. Huuliza tu kama bado yuko na kundi. Bibi naye amekuwa mtu wa kupigiwa simu mtaani kwake, mtu akimwona kijana na mtoto wa tumbili mkononi. Maagizo anayotoa ni yale yale tuliyompa, na nitayaandika hapa kwa sababu huenda wewe ndiye utakayemkuta.

Usimnunue, ukimnunua, kijana ataenda kuua mama mwingine. Piga simu KWS au kituo kilicho karibu. Ukimkuta chini, kwanza tazama juu. Mara nyingi mama au kundi liko pale linakungoja wewe uondoke. Kama mama amekufa, mtoto mfunike kwa kitambaa, umtie kwenye boksi lenye matundu, gizani, pa joto. Usimpe maziwa ya ng'ombe, usimpe ndizi, usimpe chai, usimpitishe kwa watoto wambebe kwa zamu. Kumbuka alipookotwa, mti gani, upande gani wa barabara, maana bila hilo hatuwezi kulipata kundi lake. Na kama yuko hai, na mama anaonekana matawini, kazi yako ni kuwazuia mbwa na watu mpaka tufike.